Gari la Mama Njoroge na Mawe ya Bisil

Tangu nifunge sanduku langu la spana na kwenda kukaa nyumbani, vijana niliowaachia gereji pale Kitengela wananipigia simu karibu kila siku. Swali ni lile lile: "Mzee, gari la mawe linaanziwa wapi?" Jameni! Miaka yote hiyo tumelala chini ya chesi pamoja, nimepiga kelele mpaka sauti imekwaruza, na bado mtu anauliza linaanziwa wapi. Basi naandika mara moja, msome, mniache nilishe kuku wangu kwa amani.

Kwa wasiojua, gari la mawe ni jina tulilolitunga wenyewe gerejini. Kuna watu, na wengi wao wana akili timamu siku nyingine zote za mwaka, ambao huchukua four-wheel nzima, wakaipeleka kule chini upande wa Bisil kusiko na barabara, wakashindana nani atapita kwenye mchanga, miiba na majabali na kufika kwenye vituo vyote kabla ya wenzake. Kazi yangu ilikuwa kulitengeneza gari liende na lirudi. Kwenda hakukuwa na shida. Mtu yeyote anaweza kulipeleka gari mahali pabaya.

Niliingia gereji ya Mzee Gathogo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka Machakos na cheti changu cha ufundi ndani ya bahasha ya khaki. Nilidhani atakisoma. Aliitazama ile bahasha, akasema, "Weka hiyo mbali na grisi," kisha akanionyesha gari lililoinuliwa juu ya magogo na kuniambia nilale chini yake. Nikauliza nifanye nini huko chini.

"Sema unachoona."

Nikasema naona injini. Nikasema naona gearboksi, naona propela shafti. Akapiga bodi kwa spana mpaka masikio yakanivuma. "Hiyo hata nyanya yako anaona! Sema unachoona!" Nikataja bomba la ekzosti, nikataja waya, nikataja matope. Ilikuwa karibu saa sita mchana nilipoona nati moja ya springi ya nyuma, upande wa kushoto, ina kutu mpya pembeni, ile ya rangi ya chungwa, maana yake imekuwa ikisogea. Nikaitaja. "Haya," akasema, "toka ukunywe chai." Wiki tatu nzima sikushika spana. Nililala chini ya magari ya watu nikitaja vitu kwa sauti kama mwehu, na wateja wengine walidhani kuna mtu anasali huko chini.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa gereji ile. Kabla gari halijatoka, fundi analizunguka, analala chini yake, na kusema kwa sauti kila anachokiona, hata kama mwenye gari amesimama pale na hataki kusikia. Ukiona kitu ukanyamaza, kazi yako hapo imekwisha. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu wa mikono mizuri kuliko yangu, aliyeona ufa mdogo kwenye mkono wa stelingi akanyamaza kwa sababu mwenye gari alikuwa shemeji yake na alikuwa na haraka. Mzee alimpa sanduku lake la vifaa na kumwonyesha geti. Hakupaza hata sauti, na huyo alikuwa mtu wa kupaza sauti akikosa kijiko cha sukari.

Sasa, linaanziwa wapi. Linaanziwa kwa kutoa. Toa viti vya nyuma, toa zulia, toa vioo, toa kila kitu ambacho gari linaweza kuishi bila. Kila kilo unayoitoa ni kilo ambayo springi haitaibeba juu ya jabali. Hili nimelisema mara ngapi? Na wenye magari je, watakubali? Ng'o! Nilikuwa na mteja mmoja mwenye ploti kule Matasia. Jumatatu nilitoa redio yake. Jumatano nikaikuta imerudi, na imekuja na spika mbili kubwa kama sufuria za harusi. "Fundi, mtu atakaa jangwani siku nzima bila muziki?" Nikatoa tena. Akarudisha, safari hii na friji ndogo ya soda iliyofungwa kwa bolti sakafuni, kazi safi kabisa, sijui alifanyiwa na nani. Gari lilizama kwenye mchanga wa mto mkavu hata kabla ya kituo cha pili, likakaa hapo mpaka jioni. Soda zilikuwa baridi, hilo nakubali.

Ukishatoa, ndipo unaongeza, na unaongeza kidogo. Kwanza kizimba cha mabomba, kile kinachowazunguka watu gari likipinduka. Siku hizo hatukuwa na mashine ya kupindia bomba. Tulijaza bomba mchanga mkavu, tukaziba ncha zote mbili kwa kuni, tukalipasha moto polepole na kulipinda likizunguka gogo, ili lisikunjamane katikati. Kizimba kinakaa juu ya bamba nene, na bamba linafungwa kwenye chesi, ule mfupa wa gari. Nimeona watu wakikichomelea kwenye bati la bodi, bati ambalo unaweza kulitoboa kwa bisibisi. Nikiwauliza kwa nini, wananiambia kinapendeza hivyo. Haya basi, kitakupendeza ukiwa umekivaa kichwani.

Kisha bamba la chuma chini ya injini na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Kisha unahamisha mabomba ya petroli yapite ndani ya chesi, maana jiwe likiyapata huna gari tena, una jiko. Kisha vumbi. Ninyi mnafikiri mawe ndiyo adui, lakini vumbi la kule limeua injini nyingi kuliko mawe. Ni laini kama unga wa muhogo na linaingia popote. Mzee Gathogo alinifundisha kuvalisha chujio la hewa soksi ndefu za kina mama, zile za nailoni, mbili juu ya nyingine, zikiwa zimepakwa oili kidogo. Likijaa vumbi unavua moja na kuendelea na safari. Kwa hiyo nikaenda sokoni Kitengela nikanunua soksi dazeni nzima, nikazisahau mfukoni mwa koti, na mke wangu akazipata. Ilibidi Mzee Gathogo mwenyewe aje nyumbani kueleza mambo ya chujio, na mpaka leo mke wangu haamini hata nusu.

Na tairi. Kwenye mawe na mchanga, punguza upepo. Tairi ngumu hupasuka, tairi laini hulikumbatia jiwe. Ni jambo dogo hata mtoto analielewa, lakini dereva haelewi. Unapunguza upepo, unageuka kunawa mikono, ukirudi unamkuta anajaza tena kwa sababu ati gari linaonekana limechoka. Nimechoka mimi!

Mzee Gathogo alirudi kwao Nyeri kulima miaka ya tisini ikiisha, akaniachia gereji na ule utaratibu wake. Niliushika. Sikuwahi kutoa gari bila kulala chini yake na kutaja kila kitu kwa sauti. Wateja wengine waliona ni vituko, na nikawaambia wavumilie vituko au wapeleke gari kwingine. Nasema haya mapema ili mjue sikuwa mtu wa kusahau. Hilo lililompata kijana Njoroge halikutokana na kusahau.

Mama Njoroge alikuwa na hardware pale Kitengela, duka ambalo sisi mafundi wote tulinunua bolti, grisi na msasa. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki kwenye ajali ya lori barabara ya Namanga, Njoroge akiwa bado shule ya msingi, na Njoroge alikuwa mtoto wake wa pekee. Sasa huyo kijana alipofika miaka ishirini na kitu akaingiwa na wazimu wa magari ya mawe. Mama alikataa mwaka wa kwanza. Akakataa wa pili. Mwaka wa tatu alikuja gerejini mwenyewe, akasimama mlangoni na leso yake mabegani, akanisubiri nitoke chini ya gari.

"Fundi, hii maneno yenu ya mawe, mtu anarudi?"

"Gari likitengenezwa vizuri, Mama Njoroge, linarudi."

"Sijauliza gari. Nimeuliza Njoroge."

Nikapangusa mikono. "Atarudi."

"Basi mimi nimekuachia wewe. Hao wengine wote sitauliza mtu kitu." Akaondoka bila hata kuliangalia gari.

Tulifanya kazi miezi minne. Njoroge alinikera kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye, na nilimpenda sana. Alikuwa anakuja kila jioni baada ya kufunga duka, anakaa juu ya tairi, anauliza. Kwa nini bolti hii na si ile? Kwa nini tusitoboe bonneti ipate hewa? Nikitaka kujibu, ameshauliza lingine. Msoma njia wake alikuwa Sankale, kijana wa Bisil aliyechunga ng'ombe katika vilima vile vile vya mashindano tangu akiwa mdogo. Sankale hakuwa na maneno mengi. Njoroge akizungumza habari za kushinda, Sankale alikuwa anasema tu, "Wacha kwanza tufike." Nilimwona ndiye mwenye akili kati yetu watatu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, nilifunga pedi mpya za breki magurudumu ya mbele, kwa mkono wangu. Ijumaa asubuhi nikalala chini ya gari, nikataja kila kitu kuanzia bampa ya mbele mpaka ya nyuma, Njoroge akiandika kwenye daftari. Hakukuwa na kasoro. Lori la kulibeba gari hadi Bisil lilikuwa lije mchana. Na hapo ndipo Mama Njoroge alipofika na kanisa.

Yaani kanisa lenyewe. Pasta mbele, kina mama wa kikundi na leso zao vichwani, wazee watatu wenzangu, na mke wangu akiwa katikati yao akiniangalia kama mtu anayesema, heri uvue hiyo ovaroli. Mama Njoroge alikuwa amesema toka mwanzo kwamba gari halitatoka bila maombi, na mimi sikuwa na neno, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa hilo hilo. Tukalizunguka gari. Tukaimba. Pasta akatoa chupa ya mafuta ya upako, na haikuwa ile chupa ndogo ya kawaida. Ilikuwa lita nzima ya mafuta ya zeituni. Mama Njoroge hakuwa mtu wa kufanya mambo nusu nusu.

Pasta akapaka bonneti. Akapaka stelingi. Hapo nilitulia, hayo yanapanguswa. Kisha akasema, "Na sasa tuibariki miguu ya hii gari," akainamia magurudumu. Magurudumu ya kushoto alidondoshea kidogo tu juu ya tairi. La nyuma kulia, kidogo. Alipofika la mbele upande wa kulia, upande anaokaa dereva, sauti ikapanda, akamwombea Njoroge kwa jina, akamtaja baba yake marehemu, na mkono uliokuwa na chupa ukasahaulika hapo hapo, umeinama. Ringi zetu zilikuwa na matundu makubwa ili matope yatoke. Niliyaona mafuta yakipita kwenye tundu. Niliyaona yakiteremka kwenye diski ya breki, yaking'aa, mpaka kwenye zile pedi nilizozifunga jana yake.

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, niliufungua. Mama Njoroge alikuwa analia bila sauti, mkono wake juu ya bega la mwanawe. Pasta akasema, "Na watu wote waseme?"

Nikasema, "Amina."

Mnataka kujua nilifikiri nini? Nilifikiri, mtu mzima, mzee wa kanisa, atasimamaje mbele ya watu aseme Pasta amechafua breki? Nilifikiri, nitasafisha Bisil, nani atajua. Lori likaja, tukalipakia gari, na kina mama wakaimba mpaka lilipoingia barabarani.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Bisil. Wachunga mifugo wa pale walikuwa wameshajaa kuangalia magari, wengine wakicheka waziwazi, na siwalaumu. Gari likateremshwa. Mpango wangu ulikuwa kutoa lile gurudumu kimya kimya, kuosha diski kwa petroli na kubadilisha pedi. Nikafungua sanduku la vipuri. Pedi za akiba hazikuwemo. Nilikuwa nimeziacha Kitengela mwenyewe, kupunguza uzito! Mimi huyo huyo wa kugombana na watu juu ya friji ya soda.

Bado ningeweza kulitoa gurudumu, nikasugua pedi kwa msasa, nikazichoma kidogo kwa moto mafuta yatoke, si dawa kamili lakini ingesaidia. Au ningemwambia Njoroge aende polepole kwenye miteremko. Lakini Mama Njoroge alishafika, na masufuria ya githeri na jagi la chai, na wamama wa pale wanamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo!" naye anajibu "Iko!" kama mwenyeji. Na huyo mama aliweka kiti chake wapi? Eneo lote la Bisil lile, kuna kivuli cha lori, kuna kivuli cha mti, yeye akaweka kiti kando ya gurudumu la mbele la kulia. Akakaa. Akakunja mikono.

Sasa nitatoa gurudumu namna gani bila kumwambia kwa nini? Nikachukua kitambaa chenye petroli, nikachuchumaa, nikapitisha vidole viwili kwenye tundu la ringi na kupangusa diski kadiri nilivyofikia. Diski ikakauka. Lakini pedi hazifikiki hivyo, na pedi hunywa mafuta kama mkate unavyokunywa chai. Hilo nalijua kuliko jina langu.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Natoa vumbi tu."

Akaniangalia kidogo. "Kila kitu iko sawa?"

"Iko sawa, Mama Njoroge."

Njoroge akalijaribu gari pale kwenye vumbi, mwendo wa polepole, breki zikashika. Nikajipa moyo. Wakaondoka, na mimi nikabaki nimesimama na kile kitambaa mkononi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Sankale. Kituo cha kwanza na cha pili walifika bila tabu, ilikuwa mchanga na miiba, na kwenye mchanga huhitaji breki, unahitaji kutosimama. Kisha wakapanda kilima cha mawe na kuanza kuteremka upande wa pili. Kulia kulikuwa na jabali, kushoto korongo. Njoroge alikuwa anashuka vizuri, gia ya kwanza, kama nilivyomfundisha. Katikati ya mteremko jiwe likateleza chini ya tairi, gari likachukua mwendo, naye akakanyaga breki kwa nguvu.

"Mzee," Sankale aliniambia, "gari ilivutwa kushoto kama ng'ombe imevutwa na kamba. Yeye anapeleka stelingi kulia, gari inaenda kushoto."

Bila shaka inaenda kushoto. Gurudumu la kushoto lilishika na la kulia likateleza. Wakaingia korongoni, gari likapinduka mara moja na kulala upande wa dereva. Kizimba hakikupinda hata kidogo. Sankale alitoka na mdomo uliopasuka. Njoroge alikuwa ametoa mkono wa kulia nje, sijui kwa nini, watu hufanya hivyo gari likipinduka, wanataka kulizuia kwa mkono. Gari lililala juu ya kiwiko chake. Wachunga mifugo waliinua gari kwa mabega, wakamtoa, wakambeba ndani ya shuka mpaka mahali ambapo gari jingine lingeweza kufika. Mama yake alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti habari zilipofika. Alisimama, akauliza kitu kimoja tu, yuko hai? Wakamwambia yuko hai. Akakaa tena.

Gari lilipovutwa hadi barabarani nililitoa lile gurudumu. Pedi zilikuwa nyeusi, zinang'aa. Nikatia moja mfukoni.

Na sasa sikilizeni sehemu inayonichoma. Nilisifiwa! Kila mtu Kitengela alikuwa anasema kizimba cha Fundi Musyoka kimeokoa watu wawili. Jumapili tukawa na ibada ya shukrani. Pasta akasema kama si yale mafuta, leo tungekuwa tunazika. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akanishika mkono, amejaa fahari. Mimi nimekaa benchi la mbele na suti, nimeganda, nasikia aibu mpaka kwenye kucha. Nilitaka kuvua viatu nitembee mpaka Machakos.

Nikangoja. Wiki ya kwanza nikasema acha kijana apasuliwe kwanza. Wiki ya pili nikasema acha atoke hospitali. Walimtia vyuma kwenye kiwiko, na daktari akasema wazi kwamba mkono ule hautanyooka tena. Wiki ya tatu sikuwa na kisingizio. Nikaenda dukani asubuhi, kabla wateja hawajajaa, nikaweka ile pedi juu ya kaunta.

"Mama Njoroge, breki ya kulia ilikuwa na mafuta. Yale ya maombi. Niliyaona yakiingia."

Alikuwa anamfungia mtu misumari kwenye gazeti. Akamaliza kufunga, akamkabidhi, akangoja mpaka yule mtu akatoka. Kisha akaichukua pedi, akainusa.

"Hata mimi niliyaona," akasema.

Akaigeuza pedi mkononi.

"Fundi, mimi nimeuza grisi na oili tangu Njoroge akiwa mgongoni. Mafuta ikiingia mahali haifai, nitakosa kujua? Niliona ikishuka pale. Nikaangalia uso yako. Pasta anaomba, mimi sikuwa naangalia Pasta, nilikuwa nakuangalia wewe. Ukasema Amina. Nikasema basi, Fundi ameona, na Fundi hajasema kitu, labda hiyo breki haina shida na mafuta."

"Ilikuwa na shida."

"Na Bisil nikakuuliza."

"Uliniuliza, Mama Njoroge."

"Mimi kuweka kiti pale, unafikiri nilikuwa natafuta nini, na jua ile yote? Nilikaa hapo makusudi. Nilisema kama ni mbaya, huyu mtu atanitoa kwa hii kiti afanye kazi yake."

Hakupaza sauti. Ningemlipa apaze. Aliirudisha pedi juu ya kaunta, taratibu, akaisukuma upande wangu kwa kidole kimoja.

Wakati huo Njoroge akatokea stoo nyuma ya duka, amebeba roli la waya kwenye bega la kushoto, mkono wa kulia umekunjwa mbele ya kifua. Uso ukamng'aa. "Fundi! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Hiyo gari itakuwa tayari lini? Nimefikiria kitu juu ya stelingi, naweza kuizungusha na mkono wa kushoto tu, si ndiyo?"

Mama yake hakugeuka kumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, kama alivyoniangalia siku ya maombi, anangoja.

Nikamwambia Njoroge aweke waya chini, akae, kuna kitu niliona na sikumwambia.